Ripoti yetu inasema asilimia 96, mteja anasema 78: nani amepima sawasawa?

Swali: Kiwanda chetu kinatengeneza vipuri vya chuma kwa kampuni zinazounganisha mashine. Ripoti yetu ya kila mwezi inaonyesha tunafikisha mizigo kwa wakati kwa asilimia 96 hivi. Juzi mteja wetu mkubwa ametuletea tathmini yake ya wagavi, na humo tumepewa asilimia 78. Mwezi ni uleule na oda ni zilezile. Mkurugenzi anauliza nani anasema kweli, na mimi nimekabidhiwa kazi ya kutengeneza kipimo kipya. Nianzie wapi?

Jibu: Anzia kwenye dhana kwamba huenda pande zote mbili zimejumlisha na kugawanya bila kosa. Ndani ya asilimia moja ya aina hii kuna maamuzi matano ambayo hayaonekani kwenye ripoti: tarehe ipi ndiyo ahadi, tukio gani linahesabiwa kuwa ndiko kufikisha, kinachohesabiwa ni oda nzima au mstari wa oda (yaani kipuri cha aina moja na idadi yake ndani ya oda) au vipande, mzigo uliowahi au uliopungua unahesabiwaje, na mistari ipi inaingia kwenye hesabu tangu mwanzo. Nyinyi mmeamua hivi, mteja ameamua vile, na mara nyingi hakuna aliyekaa akaamua kwa makusudi. Kila mmoja amechukua kilichokuwa rahisi kukitoa kwenye mfumo wake.

Kwa hiyo kabla ya kubuni kipimo kipya, linganisheni mstari kwa mstari. Mwombe mteja orodha ya mistari yote aliyoihesabu, pamoja na ile aliyoiwekea alama ya kufeli, kisha uiweke kando ya orodha yenu kwenye lahajedwali moja. Kiunganishi ni namba ya oda ya mteja, namba ya mstari na tarehe ya mstari huo. Huu hapa mfano wa hesabu wenye mistari 250 iliyotakiwa mwezi mmoja, ambapo mteja amepitisha mistari 195 na kufelisha 55:

| Mistari 55 aliyofelisha mteja | Idadi | Kiwanda kiliihesabuje |
|---|---|---|
| Tarehe ilisogezwa kwenye mfumo wa kiwanda, ikatimizwa tarehe mpya | 14 | Sawa |
| Ilitoka kiwandani siku yake, ikafika baadaye | 12 | Sawa |
| Iliwahi kupita kiasi alichoruhusu mteja | 8 | Sawa |
| Ilifika siku yake lakini pungufu | 7 | Sawa |
| Ilitoka kwa kuchelewa | 9 | Imefeli |
| Mwezi umeisha haijatoka kabisa | 5 | Haikuhesabiwa |

Mteja anagawa 195 kwa 250 na kupata 78. Kiwanda kinaondoa mistari 5 ambayo haijatoka, kinabaki na 245, kinatoa 9 iliyochelewa, kisha kinagawa 236 kwa 245 na kupata 96.3. Hakuna aliyedanganya, lakini mistari 46 kati ya 55 inayomuumiza mteja haionekani kabisa kwenye ripoti ya kiwanda. Mchanganuo wenu utakuwa na namba nyingine, ila nitashangaa ukikosa makundi haya.

Kwenye tarehe ndiko palipo na tatizo kubwa, kwa hiyo nitakaa hapo kidogo. Kila mstari unahitaji tarehe tatu zikae kwenye safu tatu tofauti, na isitokee hata moja ikafuta nyingine. Ya kwanza ni tarehe aliyoomba mteja. Ya pili ni tarehe mliyomthibitishia mara ya kwanza. Ya tatu ni tarehe ya sasa, ambayo mpangaji wa uzalishaji anaitumia kupanga kazi za mashine. Mifumo mingi ya viwanda, ikiachwa ilivyosimikwa, huonyesha ile ya tatu tu, na mpangaji akiibadilisha, ile ya zamani hubaki kwenye kumbukumbu za mabadiliko ambazo hakuna anayezisoma. Matokeo yake ni kwamba mashine ikiharibika Jumanne, tarehe inasogezwa wiki moja mbele, mzigo unatoka wiki hiyo mpya, na ripoti inasema ahadi imetimizwa.

Tarehe ya pili ifungwe. Mtu wa mfumo aweke safu inayojazwa mara moja tu, siku mstari unapothibitishwa, na isifunguke tena isipokuwa kwa sababu moja: mteja mwenyewe ameomba kuisogeza, ameomba kwa maandishi, na ameomba kabla ya tarehe kufika. Mteja anayejibu "haya, leteni wiki ijayo" baada ya nyinyi kumwambia kwamba hamuwezi, huyo hajaomba kitu. Amekubali yaishe. Mstari huo umefeli, na uhesabiwe hivyo hata kama mliwasiliana naye vizuri na kwa heshima. Natilia mkazo jambo hili kwa sababu ndipo viwanda vingi vinapojipunja: kumtaarifu mteja mapema ni wema na kunampunguzia hasara, lakini hakubadilishi ukweli kwamba alipangia kazi tarehe ya kwanza.

Ukishakuwa na safu hizo tatu, toa vipimo viwili, si kimoja. Kimoja kilinganishe siku ya kufikisha na tarehe iliyothibitishwa mara ya kwanza. Hicho kinaonyesha kama neno lenu linaaminika. Kingine kilinganishe na tarehe aliyoomba mteja. Hicho kinaonyesha kama kiwanda kinauweza mwendo wa soko lake. Cha kwanza kikiwa 95 na cha pili 60, wapangaji wenu ni waaminifu ila muda wa kutengeneza ni mrefu kuliko wateja wanavyotaka. Vyote viwili vikiwa 60, hata ahadi mnazojipangia wenyewe hamzitimizi. Magonjwa hayo mawili yana tiba tofauti, na kipimo kimoja hakiwezi kuyatenganisha.

Mtaulizwa: je, mteja aliyeomba kwa siku 10 wakati mkataba unasema siku 30? Mhesabuni kwenye kipimo cha pili, lakini mstari wake uwekewe alama kwamba uliombwa kwa muda mfupi kuliko wa mkataba, ili muweze kuonyesha namba mbili: ya mistari yote, na ya mistari iliyoheshimu mkataba. Msiifute mistari hiyo. Ukianza kufutwa mmoja, kesho itafutwa mingine, na kila idara itakuja na orodha yake ya mambo "yasiyotuhusu".

Sasa tukio la kufikisha. Hapa jibu lipo kwenye masharti ya mauzo. Kwa Incoterms 2020, yaani masharti ya kimataifa yanayosema muuzaji anakabidhi mzigo wapi, ukiuza kwa FCA kiwandani kwako, umekabidhi pale mzigo unapopakiwa kwenye gari lililoletwa na mnunuzi; likikwama njiani, ucheleweshaji huo si wako. Ukiuza kwa DAP, umekabidhi mzigo unapofika mahali palipotajwa ukiwa juu ya gari, tayari kushushwa, kwa hiyo siku za barabarani ni zako zote. CIF inawachanganya wengi: muuzaji analipia meli hadi bandari ya mwisho, lakini kukabidhi kumekamilika mzigo ulipopanda melini kwenye bandari ya kuondokea. Angalia sharti la kila mteja, kisha pima tukio hilo. Kama mnauziana kwa FCA na mteja anapima siku ya kufika ghalani kwake, mna hoja ya kwenda nayo mezani. Kama ni DAP na nyinyi mnapima siku ya kutoka getini, mnajipima kwa kazi mliyofanya nusu.

Hata mkikubaliana kwamba tukio ni kufika, ulizeni ni saa ipi inayoandikwa. Lori likifika Ijumaa saa nane mchana, likasubiri foleni ya kushusha, na karani wa bohari akaingiza mzigo kwenye mfumo Jumatatu, tathmini itasema mlichelewa siku tatu. Ombeni itumike saa ya kuingia getini, na dereva asiondoke bila hati ya kupokelea mzigo yenye tarehe, saa na muhuri. Bila karatasi hiyo hamna cha kubishania.

Kuhusu kinachohesabiwa, chukua mstari wa oda, na kama mstari mmoja umegawanywa kwa tarehe kadhaa, kila tarehe ihesabiwe kuwa mstari wake. Ukihesabu oda nzima, hesabu inakuwa kali mno: oda yenye mistari 10, kila mmoja ukiwa na uwezekano wa asilimia 95 wa kufika kwa wakati bila kutegemeana, ina nafasi ya asilimia 60 tu ya kufika yote kwa wakati. Hiyo ni namba yenye maana kwa mteja asiyeweza kuanza kuunganisha mashine hadi vipuri vyote viwepo, na modeli ya SCOR ya kupima minyororo ya ugavi, iliyotoka mwaka 1996, ina kipimo cha oda timilifu cha namna hiyo: kamili, kwa tarehe, bila uharibifu na kwa hati sahihi, kimojawapo kikikosekana oda nzima imefeli. Lakini kwa kazi ya kila siku ya kutafuta tatizo, mstari ndio unaokwambia ni kipuri kipi. Ukihesabu vipande, mstari mmoja wa bolti 20,000 uliofika vizuri utafunika mistari 30 ya vipuri vikubwa iliyochelewa.

Mzigo uliowahi nao unaweza kufeli. Mteja aliyepanga nafasi ya ghala na fedha za malipo kwa tarehe fulani hapendi kupokea wiki mbili kabla, na kwenu pia kuwahi kuna gharama: saa za mashine zilizotengeneza cha mwezi ujao zimechukuliwa kutoka kwa kipuri kinachosubiriwa leo. Kwa vipuri vya kuunganishia, kanuni inayofaa kuanzia mazungumzo ni siku 0 za kuchelewa na siku 2 au 3 za kazi za kuwahi. Andikeni "siku za kazi", tena za kalenda ya mteja, kwa sababu sikukuu zake zinaweza kutofautiana na zenu. Kiasi nacho kiwe na mpaka ulioandikwa. Vipande 480 kwa oda ya 500 ni kufeli, isipokuwa mkataba unaruhusu upungufu wa kiwango fulani; mstari haugeuki kuwa mzuri kwa sababu sehemu yake ya kwanza iliwahi.

Yale makundi mawili ya mwisho kwenye jedwali yanastahili uangalifu kuliko idadi yake inavyoonyesha. Kiwanda kinachogawa kwa mistari iliyotoka mwezi huo kinatengeneza kishawishi kibaya sana. Fikiria mstari uliokwisha kupitwa na tarehe kwa wiki tatu. Ukiutoa leo, unaingia kwenye hesabu ukiwa umefeli na unashusha asilimia. Ukiuacha chini na kutoa mstari mwingine ambao bado haujachelewa, asilimia inapanda. Mpangaji anayepimwa hivi atajifunza, hata bila kuambiwa, kumwacha mteja aliyesubiri sana aendelee kusubiri. Dawa yake ni kwamba asili ya sehemu, yaani namba ya chini mnayogawia, iwe mistari yote ambayo tarehe yake iliangukia ndani ya mwezi, iwe imetoka au haijatoka. Mstari ukifeli, unafeli mara moja, katika mwezi wa tarehe yake.

Hata hivyo dawa hiyo ina upungufu wake: mstari ukishahesabiwa kufeli, kipimo hakijali tena kama umechelewa siku 2 au 40. Ndiyo maana asilimia isitembee peke yake. Pamoja nayo, kila Jumatatu toeni orodha ya mistari iliyopitwa na tarehe na bado haijatoka: idadi yake, thamani yake, na umri wa kila mmoja kwa siku. Pia, kwa mistari iliyotoka kwa kuchelewa, msitoe wastani wa siku, maana wastani huvutwa na mstari mmoja uliokwama miezi mitatu. Panga siku za kuchelewa kutoka ndogo hadi kubwa, kisha andika iliyo katikati, na ile ambayo mistari 9 kati ya 10 haikuizidi. Viwanda viwili vinaweza kuwa na asilimia 90 kila kimoja. Kwenye kimoja, karibu yote yaliyochelewa yamechelewa siku moja, na kwenye kingine wiki tano. Mteja ataweka akiba ndogo kwa cha kwanza, na cha pili atakihama.

Mkianza kupima hivi, namba yenu itashuka, pengine kutoka 96 hadi chini ya 80 kwa mwezi mmoja. Mkurugenzi aandaliwe kabla, na ripoti ya zamani iendelee sambamba kwa miezi mitatu ili kila mtu aone kilichobadilika ni kipimo na si kazi.

Kisha kuna suala la kusoma namba yenyewe, ambalo linapoteza saa nyingi za vikao. Kwa mistari 250 kwa mwezi na kiwango cha kawaida cha asilimia 78, bahati peke yake inaweza kuipeleka namba hadi karibu 70 au hadi karibu 86 bila chochote kubadilika kiwandani. Hesabu yake ni ile ya chati ya udhibiti, inayoonyesha mipaka ya kupanda na kushuka kwa kawaida, iliyobuniwa na Walter Shewhart mwaka 1924: zidisha 0.78 kwa 0.22, gawa kwa 250, tafuta kipeuo cha pili, zidisha kwa 3, halafu uongeze na utoe kwenye 0.78. Kwa hiyo mwezi wa 74 ukifuatiwa na wa 82, msiitishe kikao cha kutafuta mchawi mwezi wa kwanza wala sherehe mwezi wa pili. Kwa wiki yenye mistari 60, mipaka inakuwa mipana zaidi, kutoka 62 hadi 94, na asilimia ya wiki haikusaidii kitu. Kwa wiki tumieni ile orodha ya mistari iliyopitwa. Kinachostahili kuulizwa ni namba iliyotoka nje ya mipaka, au miezi 8 mfululizo upande mmoja wa kiwango cha kawaida, hapa 78.

Sababu ya kila kufeli iandikwe siku mstari unapofeli, na mtu aliye karibu na kazi, kutoka kwenye orodha fupi isiyozidi sababu 8 au 10. Ikiandikwa mwisho wa mwezi, kila kitu kitakuwa "usafiri". Na itafutwe sababu ya kwanza: mzigo uliokosa lori la jioni kwa sababu ulimaliza kupakwa rangi saa kumi na moja, na ukachelewa rangi kwa sababu chuma kiliingia siku nne baadaye, sababu yake ni chuma. Ili hili liwezekane, kila mstari uwe na tarehe za hatua zake: malighafi kukamilika, kazi kuanza, kazi kwisha, kufungashwa, kutoka. Pengo kubwa kati ya tarehe iliyopangwa na iliyotokea ndilo linalokupeleka penye tatizo.

Mara nyingi litakupeleka nyuma, kwa wagavi wenu. Bidhaa yenye sehemu 20, kila sehemu ikifika kwa wakati kwa asilimia 98, ina nafasi ya asilimia 67 tu ya kuwa na sehemu zote siku ya kuanza kazi. Kila mgavi ataonyesha cheti kizuri, na karakana itakuwa imesimama mara moja kati ya tatu. Wapimeni wagavi kwa kanuni ileile mnayopimwa nayo, na muongeze kipimo chenu cha ndani: ni kazi ngapi zilizokuwa na kila kitu siku zilipopangwa kuanza.

Jambo moja linaweza kupendezesha namba zote hizi huku kiwanda kikivuja fedha: usafiri wa dharura. Kipuri kilichochelewa siku sita kinapandishwa ndege na kufika siku yake, na kipimo kinasema safi. Kiwango cha IATF 16949 cha mwaka 2016, kinachotumika kwenye viwanda vya magari, kinataka wagavi wafuatiliwe kwa utimizaji wa ratiba pamoja na idadi ya mara ambazo usafiri wa dharura umetumika, na hata kama hamtengenezi vipuri vya magari, kanuni hiyo inafaa kuazimwa. Wekeni safu ya ndiyo au hapana kwenye kila mstari na gharama ya ziada kando yake.

Kwa wiki ya kwanza, usiguse mfumo. Chukua mistari 30 bila kuchagua, fuatilia kwa mkono karatasi zake kuanzia barua ya oda hadi hati ya kupokelea, na ulinganishe kila tarehe na ile iliyomo kwenye mfumo. Kama mistari 5 au zaidi ina tarehe zisizolingana na karatasi, tatizo la kwanza ni uingizaji wa data, na fomula yoyote utakayoandika itahesabu uongo kwa ustadi. Baada ya hapo kaeni na mteja, mwandike ukurasa mmoja wenye yale maamuzi matano, usainiwe na pande zote mbili, na mkubaliane kwamba mistari yenye ubishi inaletwa kila wiki ndani ya siku 5 za kazi, kumbukumbu zikiwa bado mbichi na dereva bado anakumbuka alifika saa ngapi.